Maswali ya Wasomaji: Mwale wa elektroni hufika wapi hewani?

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 20. Mwezi uliopita mteja aliniletea televisheni ya chogo iliyoanguka. Kioo cha mbele hakikuvunjika, ila shingo ya tyubu ilipata ufa mwembamba kama unywele. Flaibeki, yaani transfoma ya umeme mkubwa, ni nzima na umeme huo upo, lakini kioo hakiwaki hata nukta. Nilimwambia mzee huyo kwamba hewa imeingia na tyubu imekufa, naye akaniuliza: "Mwanangu, mwanga unapita hewani, sauti inapita hewani, mawimbi ya redio yanapita hewani, hizo elektroni zina nini hata zishindwe?" Nilikosa la kumjibu. Naomba msaada wenu.
Fundi, Tanga

JIBU

Ndugu fundi, ulimweleza mzee huyo ukweli, na swali lake ni zito kuliko linavyoonekana. Ndilo lililowashughulisha wanafizikia wa Ulaya katika miaka ya 1890, wakati neno elektroni, yaani chembe ndogo mno yenye chaji hasi ya umeme, lilikuwa bado halijazoeleka, na majibu waliyoyapata yalichangia sana kuthibitisha kwamba kitu hicho kipo.

Kabla hatujafika huko, irudie tyubu yenyewe uitazame vizuri. Ndani ya kioo, karibu na shingo, kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Huo ni utando wa metali iitwayo bariamu, uliowekwa kiwandani makusudi ili unase chembe za hewa zilizosalia baada ya tyubu kunyonywa. Tyubu ikiwa nzima, doa hilo hubaki na rangi ya fedha kwa miaka mingi. Hewa ikipenya, bariamu huungana nayo na doa hugeuka jeupe kama chokaa iliyopakwa ukutani. Niliwahi kuonyeshwa tyubu mbili zimelazwa pamoja juu ya meza ya karakana, moja ikiwa na doa la fedha na nyingine doa la chokaa, na tangu siku hiyo sijahitaji kuelezwa tena ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, likiharibika linafananaje. Ukiona weupe huo, huna sababu ya kupima kitu kingine.

Tyubu hiyo imeuawa na mambo mawili, na ni vyema kuyatenganisha kwa sababu watu wengi huyachanganya. La kwanza ni la kikemia. Katodi, yaani ile sehemu inayopashwa moto na hita, imepakwa kemikali zinazoachia elektroni kwa urahisi zikiwa za moto. Oksijeni huiharibu katodi hiyo, na waya wa hita nao, ambao ni wa tungsteni, huungua ukiwaka penye hewa. Kwa hiyo elektroni hazitoki tena kwa wingi unaotakiwa. La pili ndilo analoliuliza mzee: hata kama katodi ingesalimika na kuendelea kuachia elektroni kama kawaida, elektroni hizo zisingefika kwenye kioo, ambacho huwaka pale tu zinapokigonga.

Chukua televisheni ya rangi ambayo umeme wake mkubwa ni volti 25,000. Wanafizikia hupima nishati ya elektroni kwa elektronivolti, na elektronivolti 1 ni nishati ambayo elektroni huipata inaposukumwa na volti 1. Basi elektroni ya televisheni hiyo huwa na elektronivolti 25,000. Kasi yake ni kama kilomita 90,000 kwa sekunde, ambayo ni karibu asilimia 30 ya kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo ingeweza kuizunguka dunia kwenye ikweta mara mbili na zaidi katika sekunde moja. Lakini ukiiachia elektroni hiyo katika hewa ya kawaida ya chumba chako, safari yake yote, tangu inapoanza hadi inapoishiwa nguvu, haizidi sana sentimita 1. Kutoka kwenye bunduki ya elektroni, yaani sehemu ya shingoni inayozirusha, hadi kwenye kioo ni makumi ya sentimita. Haitafika, na haikaribii kufika.

Sababu ni kwamba hewa, ambayo sisi huipungia mkono bila kuhisi kitu, kwa elektroni si uwazi. Katika sentimita moja ya ujazo wa hewa kuna molekuli zipatazo milioni milioni milioni 25, nyingi zikiwa za nitrojeni na takribani moja katika kila tano ikiwa ya oksijeni. Mwanga hupita katikati yao kwa sababu hauna chaji, na rangi tunazoziona hazina nishati inayolingana na ile ambayo molekuli hizo huweza kuipokea. Mawimbi ya redio nayo hupita kwa sababu kama hiyo. Sauti haipaswi hata kuwekwa katika hesabu hii, kwani sauti ni mtikisiko wa hewa yenyewe, na bila hewa isingekuwapo. Elektroni ni kitu cha aina nyingine kabisa, kwa kuwa ina chaji. Haina haja ya kuigusa molekuli ili iisumbue. Ikipita jirani tu, chaji yake huzisukuma elektroni zilizomo katika molekuli ile, na mara nyingi huing'oa mojawapo na kuiacha molekuli ikiwa ioni, yaani iliyopungukiwa elektroni. Kila jozi moja ya ioni na elektroni iliyong'olewa hewani hugharimu, kwa wastani, kama elektronivolti 34. Gawanya 25,000 kwa 34 utaona kwamba elektroni moja ya televisheni huacha nyuma yake jozi zaidi ya 700 kabla haijakwisha nguvu. Inalipa ushuru kila hatua, mpaka mfuko unabaki mtupu.

Hilo ni la nishati. Sasa tazama njia inayopitwa. Watoto wanaocheza gololi wanajua kwamba gololi ikigonga gololi mwenzake, hugawana mwendo, lakini ikigonga jiwe kubwa huruka upande na kasi yake karibu ile ile. Elektroni hukutana na yote mawili. Inapokabiliana na elektroni za molekuli, ambazo ni sawa nayo kwa uzito, hupoteza nishati. Inapopita karibu na kiini cha nitrojeni, chenye uzito wa zaidi ya mara 25,000 ya uzito wake, haipotezi kitu cha kutajika, ila hupinda njia. Migongano ya namna hii ni mingi mno, na kila mmoja huigeuza elektroni kidogo, mara huku mara kule. Matokeo yake ni kwamba mwale unaotoka ukiwa mwembamba kama sindano hupanuka upesi, na mwishoni elektroni zinatangatanga kila upande, nyingine zikirudi zilikotoka. Kwa hiyo mwale wa elektroni hewani hauna umbo la mstari. Umbo lake ni la shungi la manyoya, jembamba mwanzoni na lililotawanyika mbele.

Aliyelichunguza shungi hilo kwa utaratibu kwa mara ya kwanza ni Philipp Lenard, nchini Ujerumani. Mwaka 1892 mkuu wake wa kazi, Heinrich Hertz, alikuwa ameonyesha kwamba miale ya katodi, kama miale ya elektroni ilivyoitwa wakati huo, hupenya karatasi nyembamba za metali. Lenard akatoboa tundu dogo lenye upana wa milimita 1.7 mwishoni mwa tyubu ya kioo, akaliziba kwa karatasi ya alumini yenye unene wa milimita 0.00265. Karatasi hiyo ilikuwa nene kiasi cha kuizuia hewa isiingie ndani, na nyembamba kiasi cha kuziruhusu elektroni zitoke nje. Katika chumba chenye giza aliona mng'ao hafifu wa samawati mbele ya dirisha hilo, na kipande cha karatasi kilichopakwa kemikali inayong'aa kiliendelea kuwaka hadi umbali wa kama sentimita 8, kisha kikazimika. Aliandika kwamba hewa kwa miale hii ni kama maziwa kwa mwanga: mwanga huingia katika maziwa, lakini hutawanyika na kupotea. Sijapata mfano unaoushinda huo hadi leo. Alipoweka gesi nyepesi ya hidrojeni mahali pa hewa, miale ilikwenda mbali zaidi, na alipoinyonya gesi yote ilikwenda bila kizuizi.

Zile sentimita 8 zilikuwa na maana kubwa kuliko Lenard mwenyewe alivyokubali. Molekuli ya kawaida ya hewa haiwezi kusafiri hata sehemu ya elfu kumi ya milimita kabla ya kugongana na nyingine. Kama miale ya katodi ingekuwa mkondo wa atomu au molekuli, ingekwama palepale dirishani. Mwingereza J. J. Thomson aliitumia hoja hiyo mwaka 1897: kitu kinachopenya hewa kwa sentimita kadhaa lazima kiwe kidogo mno kuliko atomu. Ndiyo kusema kwamba mzee wako ameuliza kwa nini elektroni hazifiki mbali hewani, ilhali wanasayansi wa wakati ule walistaajabu kwamba zinafika mbali kiasi hicho. Lenard alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Inasikitisha kwamba mtu aliyefungua dirisha hilo baadaye alijiunga na Wanazi na kuwaandama wanasayansi Wayahudi, akiwamo Einstein; kazi yake imebaki kuwa ya kweli, na matendo yake nayo hayafutiki.

SWALI LA PILI

Mhariri, nakusalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Songea, nasoma fizikia, kemia na hisabati. Tumefundishwa kwamba elektroni huongezewa kasi kwa volti. Je, tukiongeza volti vya kutosha, mwale unaweza kutolewa nje ya ombwe ukafika hata kilomita moja, kama silaha tunazoziona katika filamu? Na je, kuna kazi yoyote ya kweli inayofanywa kwa mwale uliotolewa hewani?
Mwanafunzi, Songea

JIBU

Mwanafunzi wetu, nishati husaidia, na husaidia sana mwanzoni. Katika hewa ya usawa wa bahari, urefu wa njia ya elektroni yenye elektronivolti 10,000 ni kama milimita 2.4. Iongezee mara kumi, ifike elektronivolti 100,000, njia inakuwa kama sentimita 13, ambayo ni zaidi ya mara 50. Iongezee tena mara kumi, ifike milioni 1, unapata kama mita 4, yaani mara 30. Kwa milioni 10 unapata zaidi ya mita 40. Bila shaka umeona kinachotokea: kila ukizidisha nishati kwa kumi, faida ya umbali inapungua. Kumbuka pia kwamba hizi ni hesabu za njia yote pamoja na mapindo yake. Umbali wa moja kwa moja ni mfupi zaidi, hasa kwa elektroni dhaifu.

Faida kubwa ya mwanzoni ina sababu ambayo inafaa uielewe vizuri, kwa kuwa inapingana na mazoea yetu. Baiskeli ikienda kasi, upepo huizuia zaidi. Elektroni ikienda kasi, nguvu ya hewa ya kuizuia hupungua, kwa kuwa inazipita molekuli haraka na kila moja inapata muda mfupi tu wa kuvutana nayo. Elektroni ya elektronivolti 10,000 hupoteza kama 24,000 kwa kila sentimita, maana yake haiimalizi hata sentimita yenyewe. Ya milioni 1 hupoteza kama 2,000 tu. Hapo ndipo breki ya hewa inapokuwa nyepesi kuliko popote. Ukiendelea kupanda, elektroni inakaribia kasi ya mwanga na haiwezi kuongeza mwendo wa maana, kwa hiyo muda wa kuipita molekuli haupungui tena.

Juu zaidi, tuseme karibu na elektronivolti milioni 100, kunazuka hasara ya aina nyingine. Kila elektroni inapopindishwa na kiini cha atomu hutoa miale ya eksirei, na kwa nishati kubwa namna hiyo utoaji huo ndio unaokula sehemu kubwa ya nguvu yake. Katika hewa ya kawaida, kila mita 300 hivi elektroni yenye nishati kubwa sana hubaki, kwa wastani, na kama asilimia 37 tu ya nishati iliyokuwa nayo. Eksirei hizo nazo huzaa elektroni nyingine, na mwale wako unageuka manyunyu. Kilomita moja inawezekana kwa hesabu, ila kitakachofika si mwale ulioutuma.

Serikali ya Marekani ililijaribu jambo hilo kwa fedha na akili nyingi. Mradi ulioitwa Seesaw ulianza mwaka 1958 katika maabara ya Livermore, Kalifornia, na kuendelea hadi mwaka 1972, kwa lengo la kuangusha makombora kwa miale ya elektroni. Katika miaka ya 1980 maabara hiyo hiyo ilijenga mtambo wa elektronivolti milioni 50 na mkondo wa ampea 10,000, ili kuchunguza mwale mzito unavyopita hewani. Na hapa fizikia inakuwa tamu kweli. Katika ombwe, elektroni nyingi zikienda pamoja husukumana kwa sababu chaji zao zinafanana, na mwale hupanuka wenyewe. Hewani, elektroni za mbele huziacha molekuli zikiwa ioni zenye chaji chanya. Chaji hizo huusawazisha msukumano wa elektroni, na uga sumaku unaotokana na mkondo wenyewe hubaki bila mpinzani na kuubana mwale uwe mwembamba. Hewa inayoutawanya mwale ndiyo hiyo hiyo inayoushika usitawanyike. Tena, mwale huipasha moto njia unayopita, hewa ya moto hupanuka na kuwa nyepesi, na mwale unaofuata nyuma yake hupata njia rahisi zaidi. Tatizo lililobaki sugu ni kwamba mwale wa namna hiyo hujipinda na kujipiga huku na huku, kama mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa chini maji yakiwa yamefunguliwa kwa nguvu. Silaha iliyokusudiwa haikupatikana.

Ama kazi za kweli zipo, na zote zinatii hesabu za hapo juu. Mwaka 1926, William Coolidge wa kampuni ya General Electric, Marekani, alitoa hewani miale ya volti 350,000 kupitia dirisha la nikeli, na miongoni mwa mambo aliyoyaona ni mafuta ya mbarika kuganda yakawa kitu kigumu na gesi ya asetilini kugeuka unga wa manjano. Viwanda vya leo hutumia kanuni hiyo hiyo kukausha wino na rangi papo hapo, kwa mitambo ya volti laki moja hadi laki tatu hivi. Dirisha lake ni karatasi ya titani iliyo nyembamba kuliko unywele, na bidhaa hupitishwa sentimita chache tu mbele yake. Kuna mafundi wanaochomelea vyuma kwa mwale uliotolewa hewani, nao hawawezi kutumia dirisha la karatasi kwa sababu lingeyeyuka mara moja. Mwale hupitishwa katika matundu madogo yanayofuatana, kila chumba cha katikati kikinyonywa na pampu yake, na chuma huwekwa sentimita moja au mbili kutoka kwenye tundu la mwisho. Ili kuua vijidudu katika vifaa vya hospitali au katika vyakula, mitambo hufika elektronivolti milioni 10, kiwango ambacho sheria za kimataifa za vyakula haziruhusu kivukwe.

Mfano ulio karibu na maisha yetu ni tiba ya saratani. Mashine ziitwazo linaki, aina ambayo hutumika pia katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, huongeza kasi ya elektroni katika ombwe. Mara nyingi elektroni hizo hugongeshwa kwenye metali ili zitoe eksirei, lakini linaki nyingi zinaweza pia kuziachia elektroni zenyewe zimfikie mgonjwa, hasa kwa uvimbe ulio karibu na ngozi, kwa sababu elektroni za milioni 10 huishia sentimita 5 hivi ndani ya mwili na kuviacha salama viungo vilivyo chini zaidi. Kati ya dirisha la mashine na mgonjwa kuna karibu mita 1 ya hewa. Katika mita hiyo elektroni za milioni 10 hupoteza kama robo ya milioni tu, hasara ndogo, ila hutawanyika kiasi cha kuufanya ukingo wa mwale ufifie. Ndiyo maana ukitazama picha za tiba hiyo utaona sanduku la metali linaloteremka kutoka kwenye mashine mpaka karibu na ngozi: kazi yake ni kuukata mwale upya, mwishoni mwa safari yake, pale hewa isipopata tena nafasi ya kuutawanya.

Nakuomba jambo moja wewe na wenzako. Msijaribu kutoa mwale nje ya tyubu yoyote ile. Mwaka 1991, huko Forbach nchini Ufaransa, wafanyakazi watatu waliungua vibaya ngozi katika mtambo wa volti milioni 2.5 uliokuwa ukitumika kiwandani. Mwale ulikuwa umezimwa, lakini volti zilikuwa bado zimewashwa, na elektroni chache zilizochopoka zenyewe ziliendelea kusukumwa na kutoka dirishani. Hazikuonekana wala kusikika, na kwa nishati ile hewa ya chumba haikuweza kuzizuia. Madhara yalijitokeza baadaye.

SWALI LA TATU

Ndugu Mhariri, sisi wa Bukoba radi tumeizoea, maana ziwa hili halitunyimi ngurumo. Nikisoma kwamba elektroni haifiki mbali hewani, najiuliza: radi si elektroni zinazotoka wingu hadi ardhini, kilomita kadhaa? Nani amekosea, kitabu au macho yangu?
Msomaji, Bukoba

JIBU

Ndugu yetu wa Bukoba, hakuna aliyekosea. Radi si mwale. Elektroni iliyotoka wingu haifiki ardhini kwa mbio moja. Kinachotokea ni kwamba hewa yenyewe, katika mfereji mwembamba, inageuzwa kuwa kipitishi cha umeme, na elektroni zilizojaa mfereji mzima husogea kidogo kidogo, kila moja ikigongana na jirani zake. Ni kama maji katika bomba lililojaa: ukifungua bomba jikoni yanatoka papo hapo, ingawa tone linalotoka sasa hivi halikuwa kwenye tangi sekunde iliyopita. Joto la mfereji huo hukaribia nyuzi 30,000, na mlio tunaouita ngurumo ni hewa hiyo inapopanuka kwa ghafla.

Hata hivyo umenipa nafasi ya kusema jambo ambalo nimelipenda tangu nilipolisoma. Ndani ya mawingu ya radi ipo miale ya elektroni ya kweli. Rudia lile nililomwambia mwanafunzi wa Songea, kwamba elektroni yenye kasi huzuiliwa kidogo kuliko ile ya polepole. Mskoti C. T. R. Wilson aliona katika miaka ya 1920 kwamba, kama ni hivyo, basi uga wa umeme wa wingu unaweza kuisukuma elektroni iliyokwisha kuwa na kasi kubwa kuliko hewa inavyoweza kuizuia. Kwa hewa ya usawa wa bahari, hilo huanza uga ukifika kama volti 280,000 kwa mita, ambao hauhitaji kuwa hata sehemu ya kumi ya ule unaotakiwa ili cheche ya kawaida itokee. Elektroni ya mwanzo hupatikana kutokana na mionzi inayotoka angani kila wakati. Ikishaanza kukimbia haisimami. Huzing'oa nyingine, nazo hukimbia, zikaongezeka kama maporomoko.

Kwa muda mrefu hayo yalikuwa ya kwenye karatasi. Kisha satelaiti ya Marekani iliyoitwa Compton, iliyorushwa mwaka 1991 kuchunguza nyota za mbali, ikanasa mimweko ya miale ya gama, ambayo ni jamaa wa eksirei, iliyotoka chini, duniani, upande wa mawingu ya radi; habari hizo zilichapishwa mwaka 1994. Kila mmweko ulidumu kwa sehemu chache tu za elfu moja za sekunde. Miale hiyo ya gama ndiyo alama ya elektroni zinazokimbia na kupindishwa na viini vya atomu za hewa, kama zile eksirei nilizozieleza hapo juu.

Tukio ninalotaka ulijue lilikuwa tarehe 14 Desemba 2009. Darubini ya anga iitwayo Fermi ilikuwa ikipita juu ya Misri. Dhoruba pekee iliyohusika ilikuwa Zambia, zaidi ya kilomita 4,000 kusini, chini kabisa ya upeo wa macho ya chombo hicho, hivyo miale ya gama kutoka huko isingeweza kukifikia kwa njia iliyonyooka. Kilichokifikia ni elektroni zenyewe, pamoja na positroni, ambazo ni pacha wa elektroni wenye chaji chanya. Miale ya gama ilikuwa imepanda kutoka kwenye wingu hadi mahali ambapo hewa ni nyembamba mno, na huko juu ikazizaa chembe hizo. Kwa kuwa hapakuwa tena na molekuli za kutosha kuzizuia, hazikukoma baada ya mita chache kama ambavyo zingekoma Bukoba au Tanga; zilishika uga sumaku wa dunia, zikauzunguka kama mzabibu unavyouzunguka mti, na kuvuka ikweta mpaka zikaigonga Fermi juu ya Misri. Nyingine zilikipita chombo, zikafika mahali ambapo uga sumaku umeongezeka nguvu na kuzirudisha, na baada ya sekunde 0.023 zikakigonga chombo hicho mara ya pili, zikitokea kaskazini.